Presi ya Mkono Karakanani (Sehemu ya Pili): Nguvu Iliyo Kwenye Matufe

Juma lililopita tuliitazama presi ya mkono sehemu kwa sehemu: fremu ya chuma cha kusubu, skrubu nene iliyosimama wima, kichwa kinachoshuka na panchi, na ule mkono wa juu wenye matufe mazito ya chuma. Leo tuzungumzie namna ya kuitumia bila kuumia, kwa sababu mafundi wengi huiamini kupita kiasi. Haina mota, haina mkanda, haingurumi. Basi huhesabiwa kuwa kifaa cha mkononi tu kama tupa au msumeno. Hesabu ndogo itaonyesha kwamba sivyo.

Chukua presi yenye matufe mawili ya kilo 10 kila moja, yaliyo sentimita 40 kutoka katikati ya skrubu. Yakizunguka kwa kasi ya mzunguko mmoja kwa sekunde, hubeba nishati ya jouli 63 hivi. Nishati hiyo ikiishia ndani ya milimita 2 za bati, msukumo wa wastani unafika tani 3, ukiacha kinachopotea kwa msuguano. Ikiishia ndani ya milimita 0.2, msukumo ni zaidi ya tani 30. Mtu ni yuleyule na matufe ni yaleyale. Kilichobadilika ni umbali wa kusimama tu. Tena ukiongeza kasi mara mbili, nishati huongezeka mara nne.

Ndiyo maana kosa baya kuliko yote ni kuvuta mkono kwa nguvu wakati hakuna bati, panchi ikagonga dai (chuma chenye tundu kilicho chini yake) kavukavu. Panchi iliyokomazwa hupasuka na vipande vyake kuruka kuelekea usoni. Fremu nayo yaweza kupata ufa, na chuma cha kusubu hakipindi kwanza kikakuonya. Kabla ya kazi, shusha panchi polepole mpaka ipite kwenye dai kadiri inavyohitajika, kisha kaza pete ya kizuizi kwenye skrubu ili kichwa kisivuke hapo. Baada ya hapo kata karatasi. Ikikatika safi upande mmoja na kuchanika upande wa pili, panchi haijakaa katikati ya dai. Legeza bolti, rekebisha, kata karatasi nyingine. Usiweke bati mpaka karatasi itoke na duara safi. Miwani ya kazi ivaliwe muda wote.

Kuna jambo jingine ambalo wanafunzi wa ufundi hawaambiwi mapema. Skrubu ya jiliwa ukiiacha mahali hukaa hapohapo, kwa sababu njia zake, yaani mizunguko iliyochongwa kwenye skrubu, zimelala. Njia za presi zimesimama sana, mzunguko mmoja hushusha kichwa mbali, kwa hiyo kichwa kilichoachwa juu chaweza kuteremka chenyewe kwa uzito wake. Anayebadilisha panchi au kusafisha dai aweke kwanza gogo la mti mgumu chini ya kichwa, lenye urefu wa kutosha kukizuia. Kuufunga mkono kwa kamba peke yake hakutoshi.

Matufe huzunguka usawa wa kichwa cha mtu, na baada ya pigo hurudi nyuma kwa kasi. Chora duara la rangi sakafuni, pana kuliko mzunguko wa matufe, na asiingie mtu mwingine humo. Anayeinama kuokota kipande ndani ya duara hilo akainuka ghafla, hukutana na kilo 10 za chuma. Presi yenyewe ifungwe kwa bolti kwenye meza nzito au zege, maana kila pigo huisokota.

Anayelisha bati awe yuleyule anayevuta mkono. Kule Birmingham, Uingereza, katika karne ya 19, maelfu ya wanawake walitengeneza nibu za kalamu kwa presi ndogo za aina hii, kila mmoja kwenye presi yake: mkono mmoja ukisogeza utepe wa chuma, mwingine ukivuta. Watu wakiwa wawili kwenye presi moja, mmoja hushika na mwingine huvuta, na siku moja watapishana kwa nusu sekunde. Vipande vidogo vishikwe kwa koleo, visiwekwe kwa vidole. Mbele ya panchi funga kinga ya bati yenye upenyo wa milimita 6. Bati jembamba litapita, kidole hakitapita.

Tanzania ina Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003, na Kenya ina yake ya mwaka 2007. Zote mbili zinadai sehemu za hatari za mashine zikingwe. Mwenye karakana, kinga hiyo ni kipande cha bati na bolti nne. Itengeneze kabla hujamwita kijana kuja kujifunza kazi.

Juma lijalo: kunoa panchi na kupima nafasi kati yake na dai.