Mtandao Ukikatika, Hela Iko Wapi?

Msomaji mmoja wa Nduguti, wilayani Mkalama, ametuletea swali zuri sana. Aliuza alizeti, malipo yakaingia kwenye simu, na jioni akataka kumtumia mwanawe aliyeko Singida mjini hela ya ada. Akaingia kwenye menyu, akaweka namba, akaweka kiasi, akaweka namba ya siri, akabonyeza kutuma. Kioo kikaganda. Mara mnara ukazima, menyu ikapotea, na meseji ya kuthibitisha haikuja. Anataka kujua hela yake ilikuwa wapi kwa muda ule. Kwake hakujua kama imetoka, kwa mwanawe haijaonekana. Je, ilikuwa angani?

Mambo ya kujisajili kwa namba ya NIDA, makato ya kutoa, na kununua luku kwa simu nayaacha. Nduguti wanayafahamu vizuri. M-Pesa ilianza Kenya Machi 2007 na kuvuka kuja Tanzania mwaka 2008, wengine wakafuata, na leo hata wauza nyanya wana lipa namba. Twende kwenye swali.

Hela haisafiri. Shilingi zenyewe zimelala benki, kwenye akaunti ya amana ambayo kampuni ya simu hairuhusiwi kuitumia kama mali yake. Sheria ya Mifumo ya Malipo ya Taifa ya mwaka 2015 ndiyo iliyoliwekea jambo hilo msingi. (Mwaka 2014 Tigo Pesa ilianza hata kuwagawia wateja faida iliyopatikana kwenye akaunti hiyo.) Salio unaloliona kwenye simu ni tarakimu iliyoandikwa kwenye kompyuta za kampuni. Kumtumia mtu hela ni kupunguza tarakimu moja na kuongeza nyingine. Basi.

Lakini hapo ndipo hofu ya msomaji wetu inapopata maana. Kupunguza ni hatua moja, kuongeza ni hatua ya pili. Umeme ukikatika baada ya kupunguza na kabla ya kuongeza, je? Hofu hiyo iliwasumbua wahandisi muda mrefu kabla ya simu za mkononi. Aliyeifanyia kazi kubwa kuliko wengi ni Mmarekani Jim Gray, aliyeanza kuishughulikia akiwa IBM miaka ya 1970 na kupewa Tuzo ya Turing ya mwaka 1998. Januari 2007 alitoka San Francisco peke yake kwa mashua na hakuonekana tena. Wiki chache baadaye M-Pesa ikazinduliwa, na mamilioni ya watu ambao hawakuwahi kusikia jina lake wakaanza kuitumia kazi yake kila siku.

Sharti alilolisimamia ni hili: hatua zote za muamala zifanyike, au isifanyike hata moja. Kiingereza kimechukua jina la sharti hili kutoka neno la Kigiriki la kitu kisichokatika, lakini tukisema “uatomu” watu watawaza mabomu. Napendekeza “uzima”. Muamala mzima haujakatwa, na pia uko hai. Usio mzima haupo kabisa.

Uzima huo unapatikanaje, wakati umeme hauombi ruhusa kukatika? Chukua mnada wa ng'ombe. Muuzaji analeta mtamba mwekundu mwenye mimba, mnunuzi ana noti mkononi, na katikati yuko karani mwenye daftari. Muuzaji anamkabidhi karani kamba. Mnunuzi anamkabidhi karani noti. Kwa wakati huo mtamba bado si wa mnunuzi na noti bado si za muuzaji, ila hakuna anayeruhusiwa kuvigusa. Karani anaandika: mtamba mwekundu, alama sikio la kushoto, kutoka kwa fulani kwenda kwa fulani, bei kadhaa. Kisha anapiga saini. Mvua ikishuka kabla ya saini na watu wakatawanyika, kesho daftari litafunguliwa na mistari itakutwa haina saini. Noti zitarudi kwa mnunuzi na kamba itarudi kwa muuzaji, hata kama mtamba alishaswagwa nusu ya njia kuelekea zizi jipya. Mvua ikishuka baada ya saini, mtamba ni wa mnunuzi hata kama amelala kwenye zizi la muuzaji, na akizaa usiku huo ndama naye ni wa mnunuzi. Karani akiugua, mwingine atashika daftari lile lile na atatoa hukumu ile ile. Haulizwi mtu aliona nini, linasomwa daftari.

Kompyuta ya kampuni ya simu inafanya hivyo hivyo. Kabla ya kugusa salio la mtu yeyote, inaandika kwenye daftari lake kwamba inakusudia kumpunguzia huyu kiasi hiki na kumwongezea yule. Inasubiri diski ithibitishe kuwa maandishi yamekaa, maana kumbukumbu ya muda ya kompyuta hufutika umeme ukizima, na diski haifutiki. Kisha inaandika alama moja fupi ya kukamilisha. Alama hiyo ndiyo saini. Mashine ikizima na kuwaka tena, jambo la kwanza inalofanya, kabla ya kumhudumia mteja yeyote, ni kulisoma daftari: kila muamala wenye alama unatekelezwa hadi mwisho, kila usio na alama unafutwa kana kwamba haukuwahi kuombwa. Mimi naliona hili kuwa moja ya mambo mazuri kabisa yaliyobuniwa katika karne iliyopita. Mashine haizuiwi kuanguka. Inaruhusiwa kuanguka wakati wowote, na ikiinuka inajua ilipofika.

Kutuma kwenda mtandao mwingine ni minada miwili yenye makarani wawili. Tanzania ilitangulia Afrika kwa hilo: Tigo na Airtel waliunganishwa mwaka 2014, Vodacom akaingia 2016, na baadaye Benki Kuu ikajenga mfumo wake wa malipo ya papo hapo, TIPS. Karani wa kwanza anakishikilia kiasi chako, anamuuliza wa pili kama mpokeaji yupo na anaweza kupokea, na akijibiwa ndiyo saini zinapigwa. Jibu likichelewa, kiasi kinabaki kimeshikiliwa. Hapo ndipo hela inapokaribia zaidi kuwa “angani”, na hata hapo imeandikwa ni ya nani.

Sasa turudi Nduguti. Mnara ulipozima, kitu kimojawapo kati ya viwili kilitokea. Labda ombi halikuwa limefika, na basi hakuna kilichofanyika. Au ombi lilifika, saini ikapigwa, na mtoto akapata ada yake palepale, huku baba amekodolea macho kioo kitupu. Kilichopotea ni jibu. Hela haikupotea. Menyu ya nyota na reli ni mazungumzo ya moja kwa moja kati ya simu na mtandao, kurasa fupi zisizozidi herufi 182, na mnara ukizima mazungumzo yanakufa bila kuhifadhiwa popote. Meseji ya kuthibitisha inapita njia nyingine: inahifadhiwa na mtandao mpaka simu ipatikane, ndiyo maana inaweza kuingia saa mbili baadaye ukiwa umeshalala.

Na jibu hilo haliwezi kulindwa kikamilifu. Imethibitishwa kihisabati kwamba pande mbili zinazowasiliana kwa njia inayoweza kukatika haziwezi kufikia hakika kamili ya pamoja, hata zikithibitishiana mara ngapi, maana daima kuna ujumbe wa mwisho ambao aliyeutuma hajui kama umefika. Hakuna mnara mpya utakaoliondoa tatizo hilo.

Madhara yake ni makubwa msimu wa alizeti. Mtu asiyepata jibu hutuma tena, na mfumo, kwa uaminifu wake wote, unaweza kutekeleza maombi mawili kama miamala miwili mizima. Programu za simujanja zina nafasi ya kufanya vizuri zaidi. Iliyoandikwa vizuri hutoa namba ya pekee kwa kila ombi, na ikirudia kutuma baada ya mtandao kurudi, kompyuta huitambua namba ile na kujibu tu kwamba kazi ilishafanyika. Kwenye kitochi kazi hiyo inabaki kwa mwenye simu: aangalie salio au taarifa fupi ya miamala kabla ya kubonyeza mara ya pili.

Uzima hauulizi kama namba ni sahihi, wala hauwajui matapeli wa meseji za “ile hela itume kwenye namba hii”.

Kwa wakala, daftari la kompyuta linaishia kwenye kaunta. Noti hazimo ndani yake, na hakuna mashine inayoweza kuzirudisha kwenye droo zikishatoka. Kwa hiyo wakala anapiga saini yake mwenyewe: anangoja meseji iingie kwenye simu yake, hata kama mteja anamwonyesha iliyoingia kwake, anaandika jina, namba na kiasi kwenye daftari la karatasi, mteja anaweka sahihi, ndipo noti zinahesabiwa. Mtandao ukisumbua wakati wa mavuno, foleni inarefuka na watu wananuna. Wakala anayegoma kuhesabu noti kabla ya meseji yake kuingia anafanya kile kile ambacho kompyuta inafanya na diski.

Kwa msomaji wetu: ingia kwenye taarifa fupi. Muamala wa ada ukiwemo, mwanao ameshapata, usirudie. Usipokuwemo na salio likiwa halijapungua, tuma upya. Salio likiwa limepungua na muamala haumo, au ukiwa umeshatuma mara mbili, wapigie huduma kwa wateja uwape saa na kiasi. Daftari lao lina mstari wako.