Abunuwasi: mshairi aliyegeuzwa mjanja

Likombe, ndani ya Manispaa ya Mtwara Mikindani, mtu akiambiwa "wewe ni Abunuwasi" hakusifiwa kwa ushairi. Ameambiwa ni mjanja, na kwa sauti fulani ameonywa kwamba ujanja wenyewe umeshaonekana.

Mwenye jina alikuwa mshairi hasa. Al-Hasan bin Hani alizaliwa Ahvaz, Uajemi, katikati ya karne ya 8, akasoma Basra na Kufa, akafia Baghdad karibu mwaka 814. Abu Nuwas lilikuwa jina la utani. Husemwa lilitokana na nywele zake zilizoning'inia. Katika fasihi ya Kiarabu anakumbukwa zaidi kwa mashairi ya mvinyo.

Mvinyo huo haukufika pwani yetu. Alfu Lela Ulela ilikwisha kumweka mshairi kando ya khalifa Harun Rashid, aliyetawala kuanzia 786 hadi 809, ikampa vituko vya barazani. Wasimuliaji wakachukua vituko, beti wakaziacha kulekule. Nadhani walichagua vizuri: beti za Kiarabu ni ngumu kuvusha bahari zikabaki tamu, na bibi anayewasimulia wajukuu baada ya isha angezitumiaje?

Kisa maarufu kuliko vyote ni cha sufuria. Abunuwasi anaazima sufuria kwa jirani, anairudisha na nyingine ndogo ndani yake: imezaa. Jirani anapokea, haulizi neno. Safari ya pili sufuria hairudi, imekufa. Jirani anakwenda kushtaki, na hapo ndipo ananaswa, kwani aliyekubali kwamba sufuria huzaa atakataaje kwamba hufa? Waturuki wanakisimulia kisa hichohicho juu ya Nasreddin Hodja. Kisa ni msafiri. Kila kinapofika hukodi jina la mwenyeji.

Kusini huku mwenyeji alikuwepo tayari. Ngano za Wamakonde na Wayao zinaye Sungura, naye ni hodari wa hila. Kwa nini basi Abunuwasi akapata nafasi? Kwa sababu kazi zao si moja. Sungura akibanwa hukimbilia porini. Abunuwasi ana nyumba, ana jirani, ana sultani juu yake. Hana pa kukimbilia, kwa hiyo lazima ashinde kwa hoja. Tajiri anapomdai maskini fedha kwa kula mkate wake huku akinusa harufu ya nyama ya tajiri, Abunuwasi anamlipa mlio wa sarafu. Hiyo ni hukumu kamili, na msikilizaji asiye na wakili anaielewa mara moja.

Ndiyo maana jina lina ncha mbili. Anayemnyoa tajiri kwa maneno huitwa Abunuwasi kwa furaha. Anayekwepa deni dukani huitwa hivyohivyo, kwa hasira. Visiwani Komoro yumo pia, akiitwa Bunawasi. Huku Bara wengi walimjua kwa kusoma Hekaya za Abunuwasi, kitabu cha shule, ambamo mshairi amebaki jina tu.

Mshairi naye hakusahaulika kwao. Baghdad ina mtaa wa Abu Nuwas kando ya mto Hidekeli, na mwaka 1976 wanaastronomia waliipa kreta mojawapo ya sayari ya Utaridi jina lake. Waliyemkusudia ni yule wa mvinyo. Wa sufuria hajapewa hata kichochoro.