Treni ya Mvinyo ya Napa

Treni ya Mvinyo ya bonde la Napa, California, nchini Marekani, hubeba abiria wanaosafiri ili wale na kutazama. Hutoka mji wa Napa hadi St. Helena na kurudi, takriban kilomita 58 kwa saa 3 hivi, ikipita polepole kando ya mashamba ya mizabibu ya Oakville na Rutherford.

Reli hiyo ilijengwa miaka ya 1860 na Samuel Brannan, aliyetaka kuwafikisha wageni kwenye chemchemi za majimoto za Calistoga. Treni ya mvinyo ilianza mwaka 1989. Fahari yake ni mabehewa ya Pullman ya 1915 hadi 1917, yaliyopambwa kwa mbao za mkangazi. Chakula hupikwa humo humo, kazi ya kustahiwa kweli katika jiko jembamba linalotikisika. Baadhi ya safari husimama abiria waonje mvinyo mashambani.