Taa ya nje ikiwaka ovyo au ikikataa kuwaka: Mambo ya kukagua kabla ya kununua nyingine

TAA za nje zinazowaka zenyewe mtu anapopita zimeenea katika maboma mengi ya Kericho na Bomet, kuanzia nyumba za kupangisha mjini Litein hadi kwa wakulima wadogo wa majani chai kule Konoin. Mchumaji anayetoka nyumbani kabla ya mapambazuko huzitegemea, na vivyo hivyo anayekwenda zizini kukama ng'ombe gizani. Hata hivyo, baada ya miezi michache malalamiko huanza: taa inawaka usiku kucha, inawaka pasipo mtu, au imekataa kabisa. Wengi huing'oa na kununua nyingine, ambayo nayo huwasumbua vivyo hivyo, kwa sababu mara nyingi kasoro haimo ndani ya taa, bali iko katika mahali ilipofungwa na katika hali ya hewa ya nyanda hizi.

Kifaa kinachotambua mwendo, ambacho mafundi hukiita sensa, hakimwoni mtu jinsi jicho linavyomwona. Hukihisi joto. Kifuniko cha plastiki kilicho mbele yake huigawa sehemu inayotazamwa katika vipande, na joto linapohama kutoka kipande kimoja hadi kingine, taa huwaka. Ndiyo maana mtu anayekatiza mbele ya taa hutambuliwa upesi kuliko yule anayeijia moja kwa moja. Taa inayotazamana na lango humwona mgeni akiwa amekwisha kufika. Heri ifungwe kando, kwenye kimo cha mita 2 hadi 3, ili njia ipite mbele yake kwa ubavu.

Mji wa Kericho uko zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na baridi ya usiku huisaidia sensa, kwani tofauti kati ya joto la mwili na la mazingira huwa kubwa. Lakini kwa sababu iyo hiyo, taa iliyokuwa imetulia alasiri yaweza kumwakia paka saa nane za usiku. Ukungu hufanya kinyume: matone yake huimeza miali ya joto kabla haijafika kwenye sensa. Vazi la plastiki la mchumaji nalo huficha joto la mwili, na anayelivaa hutambuliwa akiwa karibu mno. Mwenye boma na asisahau kwamba mwizi pia hujua kuvaa koti la mvua.

Ikiwa taa inawaka pasipo mtu, anza na kitambaa kikavu. Buibui hupenda kutanda mbele ya sensa, na mdudu anayetembea juu ya kifuniko huonekana kama kitu kikubwa. Kisha tazama kilicho mbele: migomba inayopeperushwa na upepo, bomba la moshi wa jikoni, au mabati yanayopoa baada ya jua kali. Geuza kichwa cha sensa kidogo kuelekea chini, au punguza kitufe chenye alama ya SENS. Kosa hili halifai kupuuzwa. Taa inayowaka kila dakika huwazoesha watu wa nyumbani kutoitazama, na siku atakapokuja mgeni mbaya hakuna atakayechungulia dirishani.

Taa ya umeme inayowaka usiku kucha ina siri ambayo wauzaji wengi hawaielezi. Aina nyingi zimeundwa hivi kwamba ukizima swichi na kuiwasha tena haraka, taa huacha kuisikiliza sensa na kuwaka mfululizo. Sasa, stima ikipotea kwa sekunde moja au mbili na kurudi, kama inavyotukia mara kwa mara wakati wa radi, taa hudhani ni wewe uliyebonyeza swichi. Dawa yake haina gharama: zima swichi, subiri dakika moja nzima, kisha washa. Taa itawaka kwa muda mfupi huku sensa ikijiandaa, na baadaye itatulia. Maelfu ya shilingi yangeokolewa kwa subira hiyo ya dakika moja.

Ikiwa inawaka na kuzima kwa kufuatana, huenda mwanga wake unagonga ukuta mweupe na kuirudia, nayo ikadhani kumepambazuka. Isogeze, au rekebisha kitufe cha LUX.

Taa za sola zina taabu yake. Katika nyanda hizi mvua hunyesha takriban kila mwezi, na aghalabu asubuhi huwa na jua ilhali mawingu ya ngurumo hukusanyika baada ya adhuhuri. Kwa hiyo paneli ielekezwe mashariki ilikonywe jua la asubuhi, mbali na kivuli cha mikaratusi, na iinamishwe kidogo ili mvua iisafishe. Paneli iliyofichwa chini ya varanda haitashiba kamwe. Chagua pia mpangilio wa kuwaka mtu apitapo tu. Ule wa kutoa mwanga hafifu usiku kucha humaliza betri kabla ya alfajiri, saa ambayo mchumaji anaihitaji. Kabla ya kuilaumu taa, ianike mahali peupe kwa siku mbili za jua, kisha ifunike paneli kwa kitambaa na upite mbele yake. Ikiwaka, betri ingali hai. Ikikataa, soma volti zilizoandikwa kwenye betri na utafute ya aina na volti zilezile: ya 3.2 na ya 3.7 hazibadilishani.

Mvua ya mawe nayo hupasua paneli. Kericho inajulikana kwa mvua hiyo tangu zamani, hata katika miaka ya 1960 wenye mashamba makubwa ya chai walijaribu kuipunguza kwa kurusha roketi mawinguni. Tazama nyufa baada ya kila dhoruba, kwa maana maji yakishaingia, kutu hufuata. Ziba kwa silikoni juu na kando, lakini usizibe kitundu kidogo kilicho chini ya taa, kwani ndicho kinachotoa unyevu. Unaponunua, tafuta alama ya IP65. Ya IP44 inafaa chini ya paa.

Yote haya mtu aweza kuyafanya mwenyewe. Lakini taa ya umeme ikiangusha swichi kuu, ikinuka kuungua au ikitoa mwanga hafifu hata baada ya kuzimwa, huenda waya zimeunganishwa vibaya au zimeingia maji. Hapo zima swichi kuu na umwite fundi mwenye leseni ya EPRA, wala usipande ngazi ukuta ukiwa umelowa.