Bomba la bafuni likivuja: Ghali ni maji, si bomba

Wenye nyumba wengi wa Handeni na Korogwe huahirisha kubadilisha bomba la bafuni linalovuja kwa kuogopa gharama. Hesabu inaonyesha vingine.

Kinga ndoo ya lita 20 mahali panapovuja. Ikijaa kwa saa 5, unapoteza lita 96 kwa siku, karibu ndoo 5. Kwa siku 30 ni lita 2,880, yaani karibu uniti 3 za mita. Kwa mwenye maji ya kila siku, hasara hiyo huja kwenye ankara. Kwa anayetegemea mgao, tenki la lita 1,000 litakauka kwa siku 10 au 11 hata kama hakuna aliyeoga, na ataanza kununua maji kwa dumu.

Handeni inaijua vizuri adha hiyo. Tangu miaka ya 1970 mji huo umetegemea mradi wa HTM, unaosukuma maji ya Mto Pangani kutoka upande wa Korogwe. Miji yote miwili imo katika mradi wa maji wa miji 28, ambao mikataba yake ilisainiwa Juni 2022 kwa mkopo kutoka India. Lakini msukumo wa maji ukiongezeka, bomba bovu huvuja zaidi.

Kazi yenyewe si ngumu ikiwa shawa yako inapata maji kwa mpira wa kufunga kwa nati. Kama panavuja hata koki ya shawa ikiwa imefungwa, ubovu uko kabla ya koki. Funga valvu ya tenki au ya mita, kisha fungua koki ya chini ili maji yaliyobaki yatoke. Kama shawa ni ya umeme, zima kwanza swichi kuu.

Tumia spana mbili: moja ishike bomba la ukutani lisizunguke, nyingine ifungue nati. Chukua mpira wa zamani uende nao dukani. Linganisha urefu, kipimo, ambacho mara nyingi ni nusu inchi, na meno, kama ni ya ndani au ya nje. Hakikisha washa za mpira zimo, na dai risiti.

Nati yenye washa haihitaji tepu. Kiungo kisicho na washa zungushia tepu nyeupe kufuata upande wa kukazia. Mafundi wa zamani walitumia nyuzi za katani na rangi. Kaza kwa mkono, kisha ongeza kidogo kwa spana. Ukizidisha, nati hupasuka.

Fungua maji taratibu, kausha kiungo kwa kitambaa na ukitazame tena baada ya saa moja. Kisha funga koki zote na usome mita. Ikiendelea kuzunguka, bado kuna mahali panavuja.

Bomba la chuma lililoliwa na kutu ndani ya ukuta, au la plastiki linalounganishwa kwa mashine ya moto, mwachie fundi. Patana naye bei kabla hajavunja ukuta, na mkubaliane nani atauziba. Usichelewe: ukuta wa matofali ya udongo ukilowa kila siku, hutanunua bomba tena, utanunua matofali.