Katika Mtaa wa Mayahudi wa Kochi

Miongoni mwa mitaa mikongwe ya bandari za Bahari ya Hindi ambayo msafiri aweza kuitembea kwa miguu katika asubuhi moja, ni michache impayo mtu mazingatio kama mtaa wa Mayahudi ulioko Mattancherry, katika mji wa Kochi, jimbo la Kerala, kusini magharibi ya Bara Hindi; kwani mtaa huo, ijapokuwa ni njia nyembamba inayokomea mlangoni pa sinagogi, umebeba habari za watu waliopokewa na wenyeji wao kwa hisani kubwa, na jinsi baadhi yao walivyoshindwa kwa muda mrefu kuwatendea ndugu zao hisani ile ile. Sehemu ya kwanza ya habari hiyo hupendeza kusimuliwa mbele ya wageni. Sehemu ya pili nayo ina haki ya kusikilizwa.

Matembezi huanza vema kwenye kasri la Mattancherry, ambalo Wareno walilijenga katikati ya karne ya 16 wakamtunukia Raja wa Kochi, nao Waholanzi wakalitengeneza baadaye hata watu wakazoea kuliita Kasri la Waholanzi. Hapo hapo uani pana hekalu la Kihindu la ukoo wa Raja, na ng'ambo ya ukuta wake ndipo ilipo sinagogi. Ujirani huo haukutokea kwa sadfa, kwa sababu Raja mwenyewe ndiye aliyewapa Mayahudi ardhi ile kando ya kasri lake, ili wakae chini ya himaya yake. Na himaya ilihitajika, kwani mwaka 1662 Wareno waliishambulia sinagogi na kuiharibu kwa kuwa Mayahudi walikuwa upande wa Waholanzi, isipate kusimama tena mpaka Waholanzi walipoutwaa mji mwaka uliofuata.

Walakini asili ya Mayahudi wa Kerala ni ya kale kuliko kasri hilo. Makao yao ya kwanza yalikuwa Cranganore, bandari iliyo kaskazini ya Kochi, ambako kadiri ya mwaka 1000 mfalme Bhaskara Ravi Varma alimwandikia Joseph Rabban, mkuu wao, hati juu ya mabamba ya shaba, akimpa haki 72, zikiwamo kusamehewa ushuru, kuchukuliwa kwa machela, kutembea chini ya mwavuli na kutanguliwa na ngoma na tarumbeta. Heshima ambazo katika nchi ile zilikuwa za wakubwa. Bandari hiyo ilipoharibika, na vita vya karne ya 16 vilipozidi, wengi walihamia Kochi, na huko wakakutana na wenzao waliotoka Hispania baada ya Mayahudi kufukuzwa nchini humo mwaka 1492. Hao waliokuja kutoka mbali ndio walioijenga, mwaka 1568, sinagogi iitwayo Paradesi, yaani ya wageni.

Njia yenyewe imebanwa na nyumba zilizoshikana ukuta kwa ukuta, za ghorofa, na baadhi ya madirisha yake yana nondo zilizopindwa kwa umbo la nyota ya Daudi. Zamani chini palikuwa maghala na juu palikuwa makao ya watu. Leo wenye maduka ya vitu vya kale wamezitwaa nyingi katika hizo, lakini harufu ya pilipili manga, iliki na tangawizi kavu haijahama. Msomaji wa pwani yetu hatajihisi mgeni hapo, kwa kuwa kaskazi na kusi, pepo zilizovipeleka na kuvirudisha vyombo baina ya Malabari na bandari zetu, ndizo pepo zilizowatajirisha wafanyabiashara wa mtaa ule.

Mlangoni pa sinagogi mgeni huvua viatu, kama avuavyo mwenyeji aingiapo hekaluni au msikitini. Sakafu imetandazwa vigae vya Kichina vyenye michoro ya rangi ya buluu, vilivyopakwa kwa mkono mmoja mmoja, ambavyo Ezekiel Rahabi, tajiri mkubwa aliyekuwa wakili wa Kampuni ya Kiholanzi ya Mashariki ya Hindi, aliviagiza kutoka Canton mwaka 1762. Na mnara wa saa, ambao nyuso zake zina tarakimu za mataifa mbalimbali, ni kazi ya zama zake vile vile. Juu zimening'inia thurea za kioo, katikati iko mimbari yenye vyuma vya shaba nyeupe kuizunguka, na ghorofani iko mimbari ya pili, jambo ambalo ni ada ya masinagogi ya Kerala.

Kabla ya kutoka, yafaa mtu asimame katika ukumbi wa nje. Mayahudi wa Paradesi, waliojiita Weupe, walikataa kuoana na Mayahudi wa asili wa Malabari, waliowaita Weusi, hata suala hilo likapelekwa kwa mwanachuoni David ibn Zimra wa Cairo katika karne ya 16, naye akatoa hukumu ya kuwa hapana kizuizi mara watakapotimiza sharti za dini. Hukumu hiyo haikufuatwa. Wenye kudhulumiwa zaidi walikuwa uzao wa watumwa walioachwa huru, ambao ndani ya nyumba ya ibada hiyo hiyo hawakupewa viti, wakawa wakikaa ukumbini au chini, wala hawakuruhusiwa kuzikwa pamoja na wengine. Katika uzao huo alizaliwa, mwaka 1882, Abraham Barak Salem, aliyesoma akawa wakili, akashiriki katika harakati za uhuru wa India, kisha akaigeuza njia ya Gandhi kuwa silaha yake dhidi ya ubaguzi wa jamaa zake mwenyewe: alikataa kuinua mkono, na alikataa vile vile kunyamaza, mpaka vizuizi vile vikalegea kimoja baada ya kingine.

Dola ya Israeli ilipoundwa mwaka 1948, Salem huyo huyo akawa miongoni mwa waliowasaidia watu wa Kochi kusafiri, na katika miaka ya 1950 wengi wao waliondoka, si kwa kufukuzwa na Wahindi, bali kwa shauku ya dini na tumaini la maisha. Katika kijiji cha Nevatim, jangwa la Negev, wanawake waliendelea kuimba kwa Kimalayalamu nyimbo walizozirithi kwa mama zao katika madaftari. Sinagogi ilipotimiza miaka 400, mwaka 1968, Waziri Mkuu Indira Gandhi alihudhuria sherehe. Lakini waumini walikuwa wamekwisha kupungua, na leo ni shida kuwapata wanaume kumi wanaohitajika kwa sala ya jamaa.

Basi atakayekwenda Kochi, naye asiende Jumamosi, kwa kuwa ni Sabato na milango hufungwa, na avistaajabie vigae na thurea, kwani vinastahili. Ila na amwombe kiongozi wake amweleze pia ni nani waliokuwa wakiketi wapi. Raja alitimiza wajibu wa mwenyeji kwa kumpa mgeni ardhi na amani. Wajibu wa mgeni, ambao Salem alitumia umri wake kuwakumbusha watu wake, ni kuipitisha amani hiyo kwa aliye chini yake. Na mji usiofundisha yote mawili kwa wanaoutembelea umefundisha nusu ya tarikhi yake.