Mtoto Anapoongea na Mtu Asiyeonekana

Ndugu msomaji, je, umewahi kumsikia mtoto wako akiongea peke yake nyuma ya nyumba? Anauliza swali, ananyamaza kidogo, halafu anacheka kama mtu aliyejibiwa. Ukimwuliza, "Unaongea na nani?" anakutajia jina usilolijua. Ukitazama, humwoni mtu.

Wazazi wengi wakiona hivyo hushtuka. Mmoja husema mtoto ana pepo. Mwingine husema amerogwa, na huanza kumtazama jirani kwa jicho baya. Mwingine huchukua fimbo. Leo tujifunze jambo hili. Tutaanza na hadithi moja.

HADITHI YA DANNY NA TONY

Mwaka 1977 mwandishi wa Marekani aitwaye Stephen King alitoa kitabu cha hadithi kiitwacho The Shining. Hadithi hii ni ya kubuni, lakini ina somo kwa kila mzazi.

Danny ni mtoto wa miaka 5. Ni mtoto pekee wa wazazi wake. Ana rafiki aitwaye Tony, na wazazi wake hawawezi kumwona rafiki huyo. Tony humwonyesha Danny mambo ya kutisha. Pia humwonyesha maneno. Danny hajui kusoma, kwa hiyo anajitahidi sana kujifunza ili ajue Tony anamwambia nini. Neno moja limeandikwa kinyume. Likionekana katika kioo linasomeka sawasawa, na maana yake ni "mauaji".

Huenda utasema, "Basi huyo Tony ndiye mbaya." Ngoja kwanza. Tazama nyumbani kwa Danny.

Baba yake, Jack, alikuwa mlevi. Siku moja Danny alichafua karatasi za kazi za baba yake. Baba akamshika kwa hasira, akamvunja mkono. Baadaye Jack aliacha pombe, lakini hasira haikuisha. Alikuwa mwalimu, akampiga mwanafunzi, akafukuzwa kazi. Mama naye alifikiria kuachana na mumewe. Hakuna aliyemweleza mtoto mambo hayo. Hata hivyo mtoto aliyajua.

Kisha Jack akapata kazi ya kutunza hoteli kubwa katika milima ya Colorado, huko Marekani. Wakati wa baridi theluji hufunga barabara, na wageni hawaji. Baba, mama na mtoto wakabaki peke yao. Katika hadithi, hoteli ile ina mashetani. Mashetani hayo yakachochea hasira ya Jack, naye akataka kuwaua mkewe na mwanawe. Mama na mtoto waliokoka. Jack alikufa.

Karibu na mwisho wa kitabu tunaambiwa Tony ni nani. Jina la mtoto ni Daniel Anthony, na Tony ni kifupi cha Anthony. Kumbe Tony alikuwa Danny mwenyewe! Yule aliyetisha ndiye aliyekuwa akimwonya. Hatari ilikuwa kwa baba.

Mwaka 2000 Stephen King alitoa kitabu kingine kuhusu maisha yake. Humo alikiri kwamba yeye mwenyewe alikuwa mlevi. Alipoandika habari za Jack, hakutambua kwamba alikuwa akiandika habari zake.

JE, HUU NI UGONJWA?

Hapana. Katika maisha ya kweli rafiki wa kubuni hajui mambo yajayo, wala si shetani. Ni kazi ya akili ya mtoto. Mtoto wa kike hufunga gunzi la mahindi mgongoni, akalibembeleza kama mtoto mchanga. Yule anayeongea na rafiki asiyeonekana anafanya jambo la namna hiyo hiyo, ila yeye hana gunzi.

Mtaalamu Marjorie Taylor wa Chuo Kikuu cha Oregon, Marekani, na wenzake waliwachunguza watoto 100. Walitoa matokeo mwaka 2004. Watoto 65 kati ya hao walikuwa wamewahi kuwa na rafiki wa kubuni walipofika umri wa miaka 7. Katika hesabu hiyo waliingizwa pia wanasesere waliofanywa rafiki. Watoto wengi hujua kabisa kwamba rafiki huyo si mtu wa kweli. Kwa kawaida mtoto akikua, rafiki huyo huondoka bila dawa.

Lakini mara nyingine rafiki huyo huwa na habari. Mtoto mdogo hana maneno ya kusema, "Mimi naogopa." Ni rahisi kwake kusema, "Rafiki yangu anaogopa."

UFANYE NINI?

1. Usimpige, wala usimcheke. Ukimpiga hataacha kuogopa. Ataacha tu kukueleza.

2. Mwulize kwa upole. Rafiki yako anaitwa nani? Anapenda nini? Anaogopa nini? Kisha nyamaza, usikilize mpaka amalize.

3. Yapime majibu. Kama akisema, "Rafiki yangu hulia baba akirudi usiku," basi baba ajitazame. Kama akisema, "Rafiki yangu hataki kwenda kwa mtu fulani," usimlazimishe mtoto kwenda huko. Chunguza. Huenda mtu huyo anamtendea vibaya. Ukigundua hivyo, usinyamaze kwa kuona aibu. Mpeleke mtoto hospitali na utoe taarifa kwa viongozi wa kijiji na polisi.

4. Usimshtaki jirani wala bibi kizee kwa uchawi. Watu wasio na kosa wameumizwa kwa maneno kama hayo, na shida ya mtoto imebaki pale pale.

LINI UMPELEKE ZAHANATI?

Mpeleke mara moja, usingoje kesho, ukiona dalili hizi:

- Ana homa na anaweweseka. Huenda ni malaria kali.
- Anazirai, anakakamaa au anatupa mikono na miguu. Huenda ni degedege au kifafa.
- Aliumia kichwa, na sasa anasema maneno yasiyoeleweka.
- Anasikia sauti zinazomwamuru ajiumize au aumize wengine.

Mpeleke pia kama anamwogopa rafiki huyo, halali vizuri, hataki kula, ameacha kucheza na wenzake, au ameanza tena kukojoa kitandani.

Hapa tena Danny anatufundisha. Siku moja alijifungia bafuni, akapotewa na fahamu. Wazazi wake walimpeleka kwa daktari. Daktari hakumcheka. Alipima kichwa chake kwa mashine, kisha akamwuliza habari za Tony. Halafu akaongea na wazazi. Hapo ndipo habari za pombe na za mkono uliovunjika zilipotoka. Wazazi waliona aibu, lakini walisema.

Nawe, ndugu mzazi, ukifika mbele ya mganga usifiche. Kama nyumbani kuna ulevi, sema. Kama kuna vipigo, sema. Mganga hawezi kumsaidia mtoto kama anajua nusu tu ya habari.

Na wewe baba unayekunywa, usiseme, "Mtoto wangu bado mdogo, haelewi." Danny alikuwa na miaka 5. Alielewa kabla hajajua kusoma.

Leo jioni, kabla watoto hawajalala, kaa nao kidogo. Mtoto akikutajia rafiki usiyemwona, mkaribishe. Uliza habari zake, na usikilize.